Lango Wazi, Daftari Limefungwa

Pale lango la Marangu hakuna apandaye mlima bila kuandikwa. Mgeni huandika jina lake, umri wake na nchi atokayo. Mwongozaji huonyesha kibali. Wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, hupanga foleni kwenye mizani ili ionekane kwamba mzigo wa kila mmoja haujazidi kilo 20. Jioni, kwenye vibanda vya Mandara, kuna daftari jingine. Kesho yake Horombo, jingine. Na Kibo vilevile. Mtu akishuka, jina lake hutafutwa mpaka lionekane. Baridi na kukosa hewa vimekwisha kuua watu wa kutosha huko juu, na wanaoulinda mlima hawathubutu kupoteza hesabu hata usiku mmoja.

Nayakumbuka madaftari hayo kila inapotajwa habari ya mwaka 2020, maana mwaka huo Tanzania iliwafungulia wageni milango siku 19 tu baada ya Serikali kutoa kwa mara ya mwisho idadi ya wagonjwa wa korona wa Bara. Wengi huisimulia historia hiyo kama ubishi baina ya waliotaka kufungua na waliotaka kufunga. Moshi ninayoijua ilitaka wageni, tena iliwataka sana. Ilichokosa ni namba.

Mwaka wenyewe ulianza kwa msiba. Februari 1 watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada kwenye uwanja wa Majengo, mjini Moshi, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwezi mmoja baadaye, Machi 1, mji ulijaa tena, safari hii kwa furaha: mbio za Kilimanjaro Marathon zilifanyika, na uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika ukafurika maelfu ya wakimbiaji wa ndani na nje. Italia ilikuwa imeanza kuzika. Kwetu zilikuwa bado habari za redioni.

Umbali huo uliisha Machi 15. Siku hiyo msafiri Mtanzania aliyetoka Ubelgiji alishuka KIA, uwanja wa ndege ulioko kati ya Moshi na Arusha, na kesho yake Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba nchi imepata mgonjwa wa kwanza. Ugonjwa ulikuwa umeingilia mlango uleule unaoingiza riziki. KIA na hospitali ya KCMC vilifunguliwa mwaka mmoja, 1971. Kwa miaka karibu 50 uwanja umeleta wapanda mlima, na hospitali imewapokea walioshushwa kwa machela ya gurudumu moja. Machi 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifunga shule na kuzuia mikusanyiko. Wasafiri kutoka nchi zilizoathirika wakatakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe, na kabla ya Aprili kufika katikati ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa.

Mwanzoni Moshi haikuliona pengo. Aprili na Mei ni masika. Mlima hujifunika mawingu, njia huteleza, na wageni huwa wachache kila mwaka. Wagumu huyajua majira hayo. Huteremka tambarare kupanda mahindi, hubeba matofali, huendesha bodaboda, hukopa dukani. Ukisema "Juni" katika duka la Marangu, Machame au Mweka, umekwisha kuweka rehani: deni litalipwa mlima ukianza kupandwa. Kwa hiyo Aprili ile watu hawakuiogopa Aprili. Waliiogopa Juni.

Hofu hiyo ina mizizi mirefu. Babu za wagumu wa leo waliishi kwa kihamba: migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe zizini. Chama chao cha kwanza cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika, na kwa fedha ya kahawa Uchagani ilijenga shule na kusomesha watoto wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na kihamba kilichokwisha kugawanywa kwa wana na wajukuu hakikutosha tena. Vijana wakatazama juu. Kilimanjaro ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 1973, ikafunguliwa rasmi kwa wageni mwaka 1977, na kabla ya korona ilikuwa ikipandwa na watu wapatao 50,000 kwa mwaka. Mgeni mmoja huhitaji wagumu watatu au zaidi, mbali na mpishi na mwongozaji. Kiwango cha chini kilichokuwa kikitajwa ni shilingi 20,000 kwa siku, ingawa si kila kampuni iliyokilipa, na kwa wengi bahashishi ya siku ya mwisho ndiyo iliyopeleka mtoto shule. Mgumu asiyepanda hana mshahara wa mwezi wa kumshika mkono.

Mwaka huo wa 1977 una kumbukumbu nyingine pia. Februari yake, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haikuufungua hadi Novemba 1983. Watalii waliozoea kuja kwa gari kutoka Nairobi walikoma ghafla. Hifadhi ilifunguliwa huku barabara ya wageni wake imefungwa! Waliokuwa watu wazima wakati huo walibaki na somo ambalo kijana wa mwaka 2020 hakuwa nalo: mpaka hufunguliwa kwa siku moja, lakini mgeni aliyekwisha kuzoea njia nyingine huchukua miaka kurudi.

Turudi Aprili. Tarehe 29 Serikali ilitoa idadi: wagonjwa 480, waliokufa 16. Mei 3, akiwa nyumbani kwake Chato, Rais John Magufuli aliliambia taifa kwamba maabara ilikuwa imepelekewa kwa siri sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine, zikiwa zimepewa majina na umri kama za watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Zanzibar ilitoa nyongeza yake siku chache baadaye, jumla ya nchi ikafika wagonjwa 509 na vifo 21, na hapo hesabu ikasimama.

Kipimo kinachotiliwa shaka hurekebishwa kwa kipimo kingine. Mizani ya Marangu ikidanganya, huletwa mizani nyingine. Hakuna anayesema mizigo ipande bila kupimwa. Kama kulikuwa na kasoro maabara, na huenda ilikuwepo, dawa yake ilikuwa kupima zaidi. Kunyamaza hakukuwa dawa, na sioni njia ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Jumapili ya Mei 17, akizungumza kanisani Chato, Rais alisema wageni waruhusiwe kuja na wasiwekwe karantini. Wapimwe joto, na asiye na dalili aende akaangalie wanyama. Kesho yake katazo la ndege likaondolewa. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufungua anga lake.

Moshi ilifurahi, na si haki kuwabeza waliofurahi. Nchi tajiri zilikuwa zikiwalipa watu wake wakae nyumbani. Mgumu wa Kibosho hakuwa na wa kumlipa. Kwamba njaa nayo huua ni jambo ambalo kila mwenye deni la dukani alilijua. Utalii ulikuwa ukiiletea nchi karibu robo ya fedha zake za kigeni. Kufunga nako kuna maiti zake, nazo huandikwa kwa shida zaidi.

Lakini maneno ya Chato yalikuwa maneno ya mbuga. Hayakuwa ya mlima. Serengeti mgeni hukaa garini, paa likiwa limeinuliwa, upepo ukipita, na anayemwona kwa karibu siku nzima ni dereva mmoja. Kilimanjaro mgeni hulala na watu, hula na watu na hushikwa mkono na watu kwa siku tano, sita, mpaka nane. Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala wageni; Kibo, kwenye mita zaidi ya 4,700, watu hulala vitanda vya juu na chini katika chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Njia nyingine ni za mahema. Mara nyingi wagumu hulala wengi katika hema moja, lilelile lililotumika kulia chakula, kwa kuwa huko juu joto la mwenzako ndilo blanketi lako la pili. Waambie watu hao wakae mita moja moja.

Halafu kuna jambo lililowasumbua waongozaji kuliko barakoa na maji tiririka. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mtu mwenye afya njema huumwa kichwa, huchoka, hukosa hamu ya kula, hukohoa, hukosa usingizi. Maji yakianza kujaa kwenye mapafu, ugonjwa wa mlimani unaoweza kuua kwa saa chache, pumzi hukatika hata mtu akiwa ameketi. Sasa zisome dalili hizo tena na ukumbuke mabango yaliyobandikwa kila ukuta mwaka ule. Ni zilezile, karibu zote. Waongozaji wengi walikuwa wakibeba kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu, miaka mingi kabla ya dunia nzima kukijua kwa sababu ya korona. Lakini namba zake mlimani zina lugha yake. Asilimia 80, ambayo mjini Moshi ingefanya mtu akimbizwe KCMC, Kibo ni jambo la kawaida.

Basi mchukulie mgeni anayekohoa kambi ya Barafu, saa nne usiku, saa mbili kabla ya safari ya kileleni. Mwili una moto. Kifaa kinasoma 74. Ni mlima, au ni korona? Mlima una jibu moja tangu zamani: mshushe. Na atashushwa, kwa machela, na wagumu wanaobadilishana kushika vyuma, kila mmoja akihema karibu na uso wake kwa saa kadhaa gizani. Wakimaliza watarudi kulala hema moja na wenzao. Kisha watashuka hadi kihambani, alipo bibi anayekaanga ndizi jikoni. Mwongozaji anayepaswa kuamua hayo yote hahitaji ushujaa, anao tayari. Anahitaji kujua ugonjwa umeenea kiasi gani Moshi wiki ile, unapanda au unashuka, na kama kikundi kilichotangulia kilipata mgonjwa. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia.

Shaka hiyo ilikuwa na pande mbili. Mgumu alimwogopa mgeni aliyetoka Ulaya, na mgeni alimwogopa mgumu aliyetoka katika nchi isiyosema. Mashirika ya ndege na nchi za wageni vilipoanza kudai cheti cha kipimo kwa anayerudi, sampuli za kaskazini zililazimika kusafirishwa hadi Dar es Salaam, na mtu aliyeshuka mlimani leo akabaki akihesabu saa, cheti na ndege vikishindana.

Majirani nao walikwisha kuamua. Mashariki ya Moshi, mpakani Holili, malori yalipanga foleni Mei ile kama yalivyopanga kwenye mpaka wa Namanga, Kenya ikiwa imefunga mpaka kwa wasafiri katikati ya mwezi na kuwapima madereva wa mizigo. Wengine walirudishwa kwa kuonekana wana virusi. Viongozi wa Mkoa wa Arusha wakasema madereva hao walipopimwa upya upande wetu hawakuwa navyo. Nchi mbili, pua moja, majibu mawili. Agosti 1 Kenya ilipofungua anga lake, Tanzania haikuwemo katika orodha ya nchi zilizoruhusiwa kuingia bila karantini, na siku hiyohiyo Tanzania ikaizuia Kenya Airways. Mwishoni mwa mwezi mashirika mengine matatu ya Kenya yakazuiwa. Hadi Septemba 16 ilipopatikana suluhu, msimu mkuu wa mlima ulikuwa unaelekea ukingoni.

Juni ilifika na madeni hayakulipwa. Wageni walikuja, lakini kwa matone. Kisha Oktoba 11 moto ukazuka eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, na usiku ule Moshi iliona mstari mwekundu juu ya giza la mlima. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilieleza awali kwamba huenda ulianza wagumu walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walijitolea kuuzima, wanakijiji, askari wa hifadhi, wagumu wenyewe, wanafunzi wa chuo cha Mweka, wakipanda na majembe na matawi. Takriban kilomita za mraba 95 za mimea ziliungua. Waliokosa mlima wa kupandisha wageni mwaka ule waliupanda hata hivyo, bila ujira.

Mwaka ulipofungwa, waliofika Tanzania kutoka nje walikuwa 620,867. Mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Anguko hilo ni la karibu asilimia 60, ingawa milango ilikuwa imefunguliwa tena kwa zaidi ya miezi saba ya mwaka huo. Haki inanilazimu kutaja pia kwamba Kenya, iliyofunga kwa muda mrefu zaidi na kuhesabu wagonjwa wake kila siku, ilianguka kwa zaidi ya asilimia 70. Anayetaka kuthibitisha kwamba kufungua mapema kuliokoa kitu, anayo hoja.

Desemba Wachagga walirudi nyumbani kama kawaida yao. Watani huwaambia kila mwaka kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ilijaa, nyumba za vihambani zikafunguliwa madirisha, pombe ya mbege ikapikwa, zikafuata ndafu na misa ya Krismasi, harusi na vipaimara vilivyoahirishwa. Mwezi uliofuata zilianza kusikika habari za watu wenye "changamoto ya upumuaji". Ndilo neno lililotumika, kwa kuwa lile jingine lilikuwa haliandikwi kwenye cheti. Watu walichemsha majani na malimau, wakajifunika blanketi, wakapiga nyungu. Januari 26, 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka, uliosainiwa na rais wake, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, likiwataka waumini wachukue tahadhari ya wimbi jipya. Mwanzoni mwa Machi katibu wake, Padri Charles Kitima, alisema mapadri zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamekufa ndani ya miezi miwili. Kanisa lilikuwa limeanza kuhesabu maiti zake lenyewe.

Wengine walituhesabu pia. Januari 22 Uingereza ilizuia wasafiri waliotoka Tanzania. Februari Waziri wa Afya wa Oman alisema asilimia 18 ya waliowasili huko kutoka Tanzania walikutwa na virusi, na mwisho wa mwezi Oman ikafunga mlango wake. Watu wetu walijua hali ya nchi yao kwa kusoma majibu ya viwanja vya ndege vya wenzao. Februari 17 alifariki Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba ana korona. Mwezi mmoja kamili baadaye alifariki Rais Magufuli mwenyewe, kwa maradhi ya moyo, kama taifa lilivyotangaziwa.

Aliyemrithi, Rais Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wataalamu, chini ya Profesa Said Aboud. Tangu Mei 4 wageni wakatakiwa kuja na cheti cha kipimo kisichozidi saa 72. Juni 28 Rais alitaja hadharani idadi: wagonjwa kama 100, kati yao 70 wakipumulia mitungi. Namba ndogo, namba ya kutisha, lakini namba. Mwezi uliofuata akachanjwa mbele ya kamera. Wageni 922,692 walikuja mwaka huo, 1,454,920 mwaka uliofuata, na mwaka 2023 wakafika 1,808,205, wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo.

Nimejaribu mara nyingi kuipima Mei 2020 kwa haki. Upande mmoja wa mizani ninaweka siku za kazi zilizopatikana, vyungu vilivyochemka, ada zilizolipwa. Upande wa pili nataka kuweka waliougua kwa sababu lango lilikuwa wazi, na sina cha kuweka, kwa kuwa hawakuandikwa. Kwa hiyo siwezi kusema kama kufungua kulikuwa sahihi. Naweza kusema kwamba kufungua lango na kufunga daftari siku zilezile lilikuwa kosa, na kwamba aliyelibeba kosa hilo mgongoni ni mgumu, ambaye hata mzigo wake wa kilo 20 hupimwa kabla haujapanda.

Bado kuna daftari moja halijafungwa. Kampuni za Moshi, kubwa na ndogo, ziliandika nani alipanda, na nani aliitwa asitokee. Parokia na sharika za Marangu, Machame, Kibosho na Rombo zina vitabu vya maziko vya mwaka 2020 na 2021. Aliye navyo asivichome, asiviachie mchwa. Avipeleke chuoni Mweka, au Chuo Kikuu cha Ushirika, au kwa yeyote mwenye kabati lenye kufuli, vitunzwe.